Nani Aliyemchelewesha? Mahakama na Ukomo wa Muda wa Madai



Katika sura ya 18 ya Injili ya Luka, Bwana wetu anasimulia habari za mjane aliyemwendea hakimu mwenye moyo mgumu, akarudi kwake tena na tena kudai haki yake, mpaka hakimu akachoka na kumsikiliza. Katika mahubiri mengi mjane huyu hutolewa kuwa mfano wa kudumu katika sala, nayo ni sawa, kwa maana ndivyo Mwinjili mwenyewe alivyoueleza mfano huo. Hata hivyo, walei wanaoshughulika na mashauri ya watu wataona jambo jingine pia. Hakimu yule, pamoja na ubaya wake wote, hakumwambia mjane kwamba amechelewa. Mlango ulibaki wazi hadi siku aliyosikilizwa.

Mjane wa leo hana hakika hiyo. Anaweza kufika mahakamani akiwa na hati zake na mashahidi wake, kisha shauri lake likatupwa kabla hajatamka neno moja juu ya shamba lake. Sababu itakayoandikwa ni kwamba muda umekwisha. Kanuni hiyo ya kisheria huitwa ukomo wa muda. Inatumika katika mahakama za hapa nyumbani, katika mahakama za nchi za nje, na katika mahakama za kimataifa zilizoko Arusha. Watu wengi wa parokia zetu hawaijui mpaka siku inapowaangukia.

Makala hii inataka kuieleza kanuni hiyo, kuonyesha jinsi mahakama mbalimbali zilivyoitumia, na kutoa maoni juu yake. Maoni yenyewe ni haya: ukomo wa muda ni kanuni ya haki mahali ambapo aliyedhulumiwa aliweza kusema tangu mwanzo. Mahali ambapo dhalimu ndiye aliyemziba mdomo, kanuni hiyo hugeuka kuwa thawabu ya dhuluma. Kwa hiyo jaji asiishie kuhesabu miaka. Aulize pia nani aliyemchelewesha mtu huyu.

Kanuni na sababu zake

Tusianze kwa kuilaumu sheria. Wahenga walisema, chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Hekima hiyo ndiyo iliyomo katika sheria za ukomo. Tanzania inayo sheria ya mwaka 1971, ambayo ni Sura ya 89 ya Sheria za nchi. Kenya inayo Sura ya 22. Katika nchi zote mbili, anayedai ardhi amepewa miaka 12. Anayedai kwa sababu ya mkataba uliovunjwa amepewa miaka 6. Anayedai fidia kwa madhara aliyotendewa, kama vile kuumizwa kwa uzembe wa mwingine, amepewa miaka 3. Katika Tanzania sheria inaiagiza mahakama ilitupe shauri lililochelewa hata kama mdaiwa mwenyewe hakuweka pingamizi.

Sababu za kanuni hii ni nzuri. Mashahidi hufa, na wanaobaki husahau. Karatasi huliwa na mchwa. Mtu aliyeshtakiwa kwa jambo la miaka 40 iliyopita atajitetea kwa nini, ikiwa wote waliojua ukweli wamekwisha kuzikwa? Tena kanuni hii humlinda mnyonge mara nyingi kuliko tunavyofikiri. Mkulima aliyelima bonde kwa muda mrefu, akapanda migomba na kuzika wazazi wake pale, asingekuwa na usingizi kama kila mwenye fedha angeweza kufika na karatasi ya zamani na kumwondoa. Jamii inahitaji mahali ambapo ugomvi unakoma, ili watu waishi kwa amani. Sisi tunaojiita watumishi wa haki na amani hatuwezi kuidharau sababu hiyo.

Isitoshe, sheria yenyewe inatambua kwamba si wote wenye uwezo sawa wa kuwahi. Katika sheria ya Tanzania, saa haianzi kuhesabiwa dhidi ya mtoto mdogo au mgonjwa wa akili mpaka kizuizi hicho kiondoke. Palipo na udanganyifu, saa huanza pale mdanganywa alipogundua udanganyifu huo, au alipoweza kuugundua kama angefanya bidii ya kawaida. Tuzishike sababu hizo mbili, yaani udhaifu wa mdai na hila ya mdaiwa, kwa maana ndizo zinazotufungulia njia ya kuyapima mashauri yanayofuata.

Wazee wa Kenya mbele ya mahakama ya London

Hali ya Hatari ilitangazwa nchini Kenya tarehe 20 Oktoba 1952, nayo ikadumu hadi Januari 1960. Katika miaka hiyo serikali ya kikoloni iliwafungia watu kwa maelfu katika kambi za kizuizini kwa kushukiwa kuwa Mau Mau, na wengi wao waliteswa. Mwezi Juni 2009 wazee watano walifungua shauri la madai katika Mahakama Kuu ya London dhidi ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza, wakidai fidia kwa mateso waliyopata kambini.

Serikali ya Uingereza haikuanza kwa kubishana juu ya mateso. Ilianza kwa kanuni. Kwanza ilitumia kanuni ya urithi wa madola, ikisema kwamba wajibu wowote wa serikali ya kikoloni ulihamia kwa serikali ya Kenya siku ya uhuru, tarehe 12 Desemba 1963. Kwa maneno mengine, wazee wakaidai Nairobi. Tarehe 21 Julai 2011 Jaji McCombe alikataa kulitupa shauri kwa sababu hiyo. Hakusema kwamba serikali ina hatia. Alisema kwamba lipo jambo linalostahili kusikilizwa.

Ndipo ikaja kanuni ya pili, ukomo wa muda. Sheria ya Uingereza inampa miaka 3 anayedai kwa sababu ya kuumizwa mwili, na hapa ilikuwa imepita zaidi ya miaka 50. Lakini sheria yao ya mwaka 1980 inampa jaji ruhusa ya kuuweka kando muda huo akiona ni haki kufanya hivyo, baada ya kupima urefu wa kuchelewa, sababu zake, na kama ushahidi uliobaki unatosha kwa hukumu ya haki.

Kwa nini wazee walichelewa? Mau Mau ilibaki chama kilichopigwa marufuku kwa sheria iliyoachwa na wakoloni mpaka mwaka 2003. Kwa miaka 40 ya uhuru, mtu aliyesimama hadharani na kusema kwamba aliteswa kwa ajili ya Mau Mau alikuwa anajitangaza kuwa wa chama haramu. Wengi walikuwa maskini wasiojua kusoma, na London ilikuwa mbali nao kwa kila namna. Zaidi ya hayo, karatasi za ushahidi zilifichwa. Mwezi Januari 2011, shauri likiwa mahakamani, serikali ya Uingereza ilikiri kwamba majalada 1,500 hivi yaliyoondolewa Kenya wakati wa uhuru yalikuwa yamehifadhiwa mahali paitwapo Hanslope Park, mbali na macho ya watu. Majalada mengine mengi yalichomwa moto kabla bendera haijashushwa. Wanahistoria David Anderson, Caroline Elkins na Huw Bennett waliisaidia mahakama kuelewa yaliyomo katika majalada yaliyobaki.

Tarehe 5 Oktoba 2012 Jaji McCombe alitoa uamuzi kuhusu wazee watatu waliobaki katika shauri. Alisema kwamba maandishi yaliyopo ni mengi kiasi cha kuwezesha hukumu ya haki hata baada ya nusu karne, akauweka muda kando. Tarehe 6 Juni 2013 Waziri William Hague alisimama Bungeni, akatambua kwamba Wakenya waliteswa mikononi mwa utawala wa kikoloni, akaeleza masikitiko ya serikali yake, na kutangaza malipo ya pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228, pamoja na gharama za shauri. Hata hivyo, serikali ilishikilia kwamba haikubali kuwajibika kisheria.

Watu wengi hufikiri kwamba habari iliishia hapo. Haikuishia hapo. Kundi jingine la Wakenya zaidi ya 40,000 lilikuwa limefungua shauri lake katika mahakama ile ile, na usikilizaji ukaanza mwaka 2016 mbele ya Jaji Stewart. Mwezi Agosti 2018 jaji alikataa kuuweka muda kando kwa mmoja wa wadai waliochaguliwa kuwa mfano, na kufikia Novemba 2018 madai ya kundi lote yalitupwa. Jaji aliona kwamba miaka zaidi ya 50 imeifuta kumbukumbu, kwamba watu ambao wangeweza kujibu tuhuma wamefariki, na kwamba haiwezekani tena kuchunguza kwa haki nini kilimpata mtu fulani, siku fulani, katika kambi fulani.

Tutafakari tofauti hii bila hasira. Sheria ilikuwa ile ile, mdaiwa yule yule, na kambi zile zile. Wa kwanza walikuwa wachache, kila mmoja ameandikiwa habari zake kwa makini, na mateso yao hayakubishwa. Wa pili walikuwa wengi, na kila dai lilipopimwa peke yake lilionekana halina maandishi ya kulisimamisha. Sitaki kumshutumu jaji, kwa maana hoja zake juu ya ushahidi zina uzito. Lakini swali letu linabaki palepale. Ni nani aliyezichoma karatasi? Ni nani aliyeyaficha yale majalada? Ni nani aliyepitisha marufuku iliyowanyamazisha wazee? Mtu anapouharibu ushahidi kisha akasimama mahakamani kulalamika kwamba ushahidi umepotea, haki inadai upungufu huo umhesabiwe yeye.

Wajane wa Rawagede

Mahakama nyingine ya Ulaya ilikuwa imekwisha kulijibu swali hilo kwa ujasiri zaidi. Tarehe 9 Desemba 1947, askari wa Uholanzi waliingia katika kijiji cha Rawagede, katika kisiwa cha Java nchini Indonesia, wakawaua wanaume wa kijiji bila kuwahukumu. Wanakijiji husema waliouawa walikuwa 431. Wajane wao walizeeka bila kulipwa chochote, wala hakuna askari aliyeshtakiwa. Walipokwenda mahakamani mjini The Hague, serikali ya Uholanzi nayo ilisema kwamba muda umepita.

Tarehe 14 Septemba 2011 mahakama iliamua kwamba serikali haiwezi kujificha nyuma ya muda mbele ya wajane hao. Ilisema kwamba kufanya hivyo kungekuwa kinyume cha busara na uadilifu, kwa kuwa serikali yenyewe ilijua tangu mwanzo kwamba mauaji yale yalikuwa haramu, nayo haikuchukua hatua. Baadaye mwaka ule ule ilikubali kulipa euro 20,000 kwa kila mdai, na tarehe 9 Desemba 2011 balozi wa Uholanzi aliomba radhi mbele ya wanakijiji.

Tuangalie hoja ya mahakama hiyo. Haikusema kwamba ukomo wa muda ni kanuni mbaya. Ilisema kwamba kanuni hiyo ina watu wanaostahili kuitumia na watu wasiostahili. Anayejua kosa lake na kukaa kimya, akingoja wajane wafe, hana haki ya kuomba ulinzi wa saa.

Saa mbili katika mji mmoja

Turudi sasa Afrika Mashariki. Katika mji wa Arusha ziko mahakama mbili za kimataifa zinazopokea malalamiko ya wananchi dhidi ya serikali zao, na kila moja ina saa yake.

Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu hufuata Mkataba wa Afrika, ambao hautaji idadi ya miezi. Unasema tu kwamba shauri lifikishwe katika muda unaofaa baada ya mlalamikaji kumaliza njia za sheria za nchi yake. Norbert Zongo, mwandishi wa habari wa Burkina Faso, aliuawa tarehe 13 Desemba 1998 pamoja na wenzake watatu. Shauri lilifika Arusha mwaka 2011, yaani miaka 13 baadaye. Mahakama ilisema kwamba muda unaofaa hutegemea mazingira ya kila shauri, ikalipokea, na mwaka 2014 ikaamua kwamba serikali haikufanya bidii ya kutosha kuwatafuta wauaji. Vivyo hivyo, katika shauri la Waogiek wa msitu wa Mau, lililoamuliwa tarehe 26 Mei 2017, Mahakama iliikataa hoja ya Kenya juu ya muda, kwa kuwa dhuluma ya kunyimwa ardhi ya mababu ilikuwa bado inaendelea.

Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, ambayo ni ya Jumuiya yetu, ina saa nyingine kabisa. Mkataba wa Jumuiya unampa mwananchi miezi 2 tu tangu kitendo anacholalamikia, au tangu siku alipokijua. Mwaka 2010 asasi moja ya Kenya ilifungua shauri kuhusu wakazi wa Mlima Elgon. Ilidai kwamba kati ya 2006 na 2008 watu zaidi ya 3,000 waliuawa, waliteswa au walitendewa ukatili, na kwamba serikali haikuchunguza wala kuwaadhibu wahusika. Mwezi Juni 2011 majaji wa ngazi ya kwanza waliona kwamba kushindwa kwa serikali kuchunguza ni jambo linaloendelea siku hadi siku, hivyo haliwezi kupimwa kwa hesabu ya miezi. Serikali ikakata rufani. Tarehe 15 Machi 2012 majaji wa rufani waliutengua uamuzi huo. Walisema kwamba Mkataba haukuwapa uwezo wa kuongeza muda hata siku moja, na kwamba uhakika wa sheria unadai muda uheshimiwe kama ulivyoandikwa. Shauri la Mlima Elgon likaishia hapo, bila mahakama hiyo kuamua kama watu wale waliteswa au hawakuteswa.

Miezi miwili! Mama aliyezika mwanawe, ambaye barabara ya kwenda mjini imewekewa vizuizi na wanajeshi, atampata wapi mwanasheria katika miezi miwili? Matanga peke yake humaliza sehemu kubwa ya muda huo. Tena mtu mwaminifu, anayeanza kwanza katika mahakama za nchi yake kama inavyotakiwa na desturi njema, anaweza kutoka huko baada ya miaka akakuta mlango wa Jumuiya ulikwisha kufungwa zamani.

Wengine watasema kwamba upo mlango wa mahakama ile nyingine. Ni kweli, lakini nao si mpana. Mwananchi hawezi kuiendea Mahakama ya Afrika moja kwa moja isipokuwa nchi yake imetoa tamko la kuruhusu jambo hilo. Tanzania ilitoa tamko hilo mwaka 2010, ikaliondoa mwezi Novemba 2019. Waogiek walifika kwa njia ndefu ya kupitia Tume ya Afrika iliyoko Banjul.

Maoni yetu

Kutokana na mashauri haya natoa maoni matatu.

La kwanza linawahusu majaji. Pale sheria inapowapa nafasi ya kupima, swali la nani aliyesababisha kuchelewa liwe la kwanza kuulizwa. Mdai aliyelala usingizi wake mwenyewe avune alichopanda. Mdai aliyelazwa kwa nguvu, kwa vitisho au kwa kufichwa karatasi, asihukumiwe kwa kosa la mwingine.

La pili linawahusu watunga sheria. Majaji wa rufani waliolitupa shauri la Mlima Elgon walisema kwamba mikono yao imefungwa na Mkataba. Basi Mkataba ufunguliwe. Nchi wanachama zinaweza kuurekebisha ili mahakama ya Jumuiya iwe na uwezo wa kuongeza muda kwa sababu nzuri, hasa pale panapodaiwa mauaji na mateso. Jambo hili halihitaji fedha nyingi. Linahitaji nia, na sauti ya wananchi wanaoitaka. Wabunge wa Afrika Mashariki ni wawakilishi wetu, na Mabaraza ya Maaskofu ya nchi zetu yamezoea kusema na serikali juu ya mambo ya haki. Tume za Haki na Amani zilianzishwa kutokana na uamuzi wa Papa Paulo VI mwaka 1967 wa kuunda tume ya namna hiyo kwa Kanisa zima. Hii ni kazi yetu halisi.

Tukumbuke kwamba katika sura ya 25 ya Kitabu cha Walawi, miaka ilihesabiwa ili haki irudi. Mwaka wa 50 ulipofika, familia iliyopoteza shamba ilirudishiwa. Hatuwezi kuigeuza sheria ya kale kuwa sheria ya nchi, lakini roho yake itufundishe kwamba miaka haipaswi kuwa silaha ya mwenye nguvu peke yake.

La tatu linatuhusu sisi wenyewe, nalo ndilo lililo karibu zaidi.

Saa inayokwenda katika parokia zetu

Mara nyingi mtu aliyedhulumiwa huanza kwa kuja Kanisani. Humwendea katekista, au mwenyekiti wa jumuiya ndogo ndogo, au paroko. Tunamshauri avumilie, tunaahidi kuzungumza na upande wa pili, tunaitisha kikao, kikao kinaahirishwa kwa sababu ya mavuno, kisha kwa sababu ya msiba. Usuluhishi ni wajibu wa Kikristo na tusiuache. Lakini tujue kwamba usuluhishi hausimamishi saa ya sheria. Mahakama ya Rufani ya Tanzania imekwisha kusema kwamba mazungumzo ya nje ya mahakama hayazuii muda kuendelea kuhesabiwa. Shemeji mjanja anaweza kukubali kila kikao, akatabasamu kila mara, mpaka mwaka wa 12 utimie.

Jambo la mirathi lina hatari ya pekee. Katika sheria ya Tanzania, marehemu akiwa amefariki huku analimiliki na kulikalia shamba lake, muda wa kulidai shamba hilo huhesabiwa tangu siku ya kifo. Hauhesabiwi tangu siku alipoteuliwa msimamizi wa mirathi. Familia nyingi hukaa miaka 10 bila kufungua mirathi, zikisema watoto wakue kwanza, au kaka mkubwa arudi kutoka mjini. Zinapoamka, imebaki miaka miwili au haikubaki kitu. Katika mambo ya kazi muda ni mfupi zaidi. Mfanyakazi wa Tanzania aliyeachishwa kazi isivyo halali anatakiwa kuifikia Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30.

Kwa hiyo ninazishauri kamati za Haki na Amani za parokia na vigango zifanye mambo yafuatayo.

Kwanza, mtu anapoleta lalamiko, swali la mwanzo liwe: jambo hili lilitokea lini? Tarehe iandikwe katika daftari siku ile ile, pamoja na majina ya waliokuwepo. Tumeona kwamba wazee wa Mau Mau waliofanikiwa ni wale ambao habari zao ziliweza kuthibitishwa.

Pili, panapofanyika usuluhishi, maafikiano yaandikwe na kutiwa sahihi. Sheria ya ukomo ya Tanzania inasema kwamba mdaiwa anapokiri kwa maandishi yenye sahihi yake kwamba ardhi ni ya mwenzake, au kwamba deni lipo, muda huanza kuhesabiwa upya tangu siku ya kukiri. Ungamo hilo lipatikane kabla muda haujaisha. Maneno ya mdomo, hata yakisemwa mbele ya altare, hayana nguvu hiyo.

Tatu, kamati isimshikilie mtu. Ikiwa upande wa pili unakataa kuandika, au unaahirisha mara ya tatu, mlalamikaji apelekwe kwa mwanasheria au msaidizi wa kisheria bila kungoja. Kenya kwa sheria ya mwaka 2016, na Tanzania kwa sheria ya mwaka 2017, zimeweka utaratibu wa msaada wa kisheria kwa wasio na uwezo. Kamati ijue watoa msaada wa wilaya yake ni akina nani.

Nne, aliyekwisha kuchelewa asikate tamaa kabla ya kuuliza. Pengine alikuwa mtoto, au alidanganywa, au alifungua shauri kwa nia njema katika chombo kisichokuwa na mamlaka, na muda alioutumia huko unaweza kuondolewa katika hesabu. Pia sheria ya Tanzania inampa Waziri wa Sheria uwezo wa kuongeza muda wa kufungua shauri, usiozidi nusu ya muda wa kawaida, akiona ni haki, baada ya kushauriana na Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Wachache wanaijua njia hiyo.

Ndugu wapendwa, wazee wetu husema haki ya mtu haipotei. Mbele ya Mungu ndivyo ilivyo. Mahakamani hupotea, tena kila siku, kwa sababu ya tarehe. Wajibu wetu ni kuwasimamia waliocheleweshwa na wengine, na kuhakikisha kwamba hakuna mjane atakayecheleweshwa na Kanisa lake.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Katika jumuiya yetu, ni familia ngapi hazijafungua mirathi ya wazazi waliofariki? Kinachozizuia ni nini?

2. Usuluhishi uliofanyika hapa mwaka uliopita uliandikwa na kutiwa sahihi? Karatasi ziko wapi?

3. Ni nani miongoni mwetu anayeogopa kudai haki yake kwa sababu ya vitisho? Tutamsindikizaje?

4. Tungependa mbunge wetu na wabunge wa Afrika Mashariki waambiwe nini kuhusu ile miezi miwili?